Mbuzi Waliopotea Ndani ya Simu

Simu ilipolia tena na jina la shangazi yake likatokea, Maundu aliigeuza kifudifudi mezani akaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Alijua shangazi anachotaka. Alikuwa anapiga kuomba msamaha. Wamucii, aliyekuwa akifanya kazi meza ya pili, alimtupia jicho mara moja tu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Hebu fikiria jambo hilo. Mama mzima, aliyemlea huyu kijana tangu hajui kufunga vifungo vya shati, anahangaika na simu kutafuta radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Na aliyelifanya amekaa pale Machakos mjini kwenye kiti cha kuzunguka, anaogopa kupokea. Aibu ya namna hiyo haina dawa dukani, hata kwenye duka la dawa za mifugo lililokuwa chini ya ofisi yao.

Sasa tuelewane mapema. Maundu si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu mkimaliza kusikia habari zake mtataka kumtukana, na mimi mwenyewe nimemtukana kidogo. Alizaliwa Kalama, ule upande wa vilima unaotazamana na mji. Baba yake alifariki akiwa mdogo, mama yake akapata kazi Athi River, akaolewa huko, na mtoto akabaki kwa Mutanu, dada ya marehemu. Mutanu hakuwa na mtoto wake wa kuzaa. Alimchukua huyu akamfanya wake, na hakuna siku alimkumbusha kwamba alimchukua. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikuwa akijibu, "Niko na Maundu," na maneno yakaishia hapo.

Kijana akasoma, akawa mtu wa kompyuta. Alishirikiana ofisi na Wamucii, msichana wa Yatta, mtoto wa wale wafanyabiashara waliotoka Murang'a zamani wakafungua maduka huko. Walitengeneza programu za maduka, za shule, za makanisa. Sifa ya Maundu ilikuwa moja, na aliipenda mpaka ikawa kero: aliandika programu mara moja tu, na programu hiyo hiyo ikaingia kwenye simu ya bei ya chini, ikaingia kwenye simu ya wenye nazo, ikaingia hata kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya kanisa. Wenzake wakiandika mara tatu, yeye mara moja. Hilo alikuambia hata kama hukumuuliza.

Huko nyumbani Kalama, Mutanu alikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji kiitwacho Mbui Nzeo, yaani mbuzi wazuri. Kazi yao ilikuwa kuboresha mbuzi wa kienyeji kwa mabeberu wa mbegu ya maziwa. Beberu mmoja alizungushwa boma kwa boma, na ilibidi ahamishwe kabla hajawapanda binti zake mwenyewe, la sivyo kizazi kinaharibika. Kwa hiyo kila mbuzi ilibidi ajulikane: mama yake nani, baba yake nani, nyanya yake alitoka wapi. Ukoo ukithibitishwa hadi kizazi cha nne, watu wa chama cha wafugaji walikuja wakampa mbuzi cheti, na mbuzi mwenye cheti huuzwa kwa heshima, haendi kuchomwa na kachumbari. Wanawake wale walikuwa wamefika kizazi cha nne. Walikuwa wameandika kwenye madaftari, lakini mchwa wa Kalama hawaheshimu maandishi ya mtu. Walipoanza kula vizazi, Mutanu alisimama kwenye mkutano akasema mtoto wake atawatengenezea kitu.

Na akatengeneza kweli, kitu kizuri, tusimnyime haki yake. Kule vilimani mtandao ni wa kuvizia. Kuna mahali ukitaka kupiga simu unaenda kusimama karibu na tangi la maji la kanisa. Programu ya kutegemea seva iliyo mbali ingekuwa kazi bure. Maundu akatumia hifadhidata nyepesi, ile iitwayo SQLite, ambayo haihitaji seva wala mtandao wala fundi wa kuilinda. Inaishi ndani ya programu yenyewe, faili moja tu kwenye simu ya mwenyewe, kama kunde ndani ya ganda lake. Mwanamke anaandika mbuzi wake akiwa zizini, anaweka simu mfukoni, kwisha. Siku ya mkutano simu zinakaa pamoja, zinapashana yaliyo mapya, na kompyuta ya mwenyekiti pale ofisi ya kanisa inapokea pia. Simu za kila aina, kompyuta, zote zinasoma mbuzi wale wale.

Wanawake waliipenda programu ile kupita kiasi. Kalondu, jirani ya Mutanu, mwanamke mwenye ulimi wa kukata, alikuwa na mbuzi aitwaye Kasukali. Mgeni akifika kwake, Kalondu alimwonyesha kwanza picha ya Kasukali, kisha mama, kisha nyanya, kisha mama wa nyanya, kabla hajamuuliza mgeni habari za watoto. Mutanu naye alitembea Kalama akiwa amenyoosha shingo. Kila mtu alijua programu ni ya mtoto wa nani.

Kosa lilikuwa mstari mmoja.

Mtu anapojenga programu, umbo la hifadhidata hubadilika kila siku. Leo unaongeza safu, kesho unaondoa. Ili asihangaike, Maundu aliandika mstari unaosema hivi: programu ikikuta hifadhidata ya umbo la zamani, iifute yote, ianze nyingine mpya. Kila mjenzi hufanya hivyo akiwa bado karakanani, maana humo ndani hakuna kitu, kuna majina ya mzaha tu. Siku ya kuwapa watu, unauondoa mstari huo. Mahali pake unaandika njia ya kuhama: chukua jedwali la zamani, liongeze safu, mbebe kila mbuzi na ukoo wake umfikishe nyumba mpya. Hifadhidata yenyewe ni mtiifu. Ukiiambia ihamishe itahamisha, ukiiambia ifute itafuta.

Mngedhani alisahau. Laiti angesahau. Alikumbuka asubuhi moja akiwa anaoga, akasema, ah, nitafanya kesho. Kesho ikaja na kazi ya shule moja ya Muthetheni, na keshokutwa na nyingine, na mstari ukakaa pale pale ukimngoja.

Kisha chama cha wafugaji kikataka chanjo za kila mbuzi ziandikwe pia. Maundu akaongeza safu ya chanjo, akabadilisha na rangi, akapandisha namba ya toleo, akajaribu kwenye simu yake, kwenye simu ya Wamucii, kwenye laptopu yake. Zote zikafunguka vizuri. Alijaribu kwenye mashine zote ambazo hazikuwa na mbuzi hata mmoja. Siku hiyo akapitia ofisi ya kanisa, akaweka toleo jipya kwenye kompyuta ya mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe, akaona rangi mpya zimekubali, akaifunga, akaondoka mbio maana bodaboda ilikuwa inangoja. Ya simu akamtumia Mutanu kwa WhatsApp na maelezo: siku ya mkutano mpitishie kila mtu, bonyeza hapa, halafu hapa.

Mutanu akavaa miwani yake, akashika simu za wenzake moja baada ya nyingine kama muuguzi anayepima watoto. Akabonyeza hapa, halafu hapa. Kila simu ikakubali. Halafu Kalondu akafungua yake kumtafuta Kasukali, na Kasukali hakuwepo. Wakafungua zote. Hakukuwa na mbuzi Kalama nzima.

Mutanu akakimbilia penye tangi la maji akampigia. Maundu alisikia kelele za wanawake nyuma ya shangazi yake, na kabla hajafikiri, akauliza lile swali ambalo watu wa kompyuta huwauliza watu wengine wote.

"Anti, umebonyeza nini?"

"Nimebonyeza vile uliniambia, mwanangu," Mutanu akasema. "Ama ni mimi nimekosea?"

Maundu akajibu kwamba atakuja kuangalia. Hakusema ndiyo, hakusema la. Lakini swali lake lilikuwa limekwisha kusikika na waliokuwa karibu, na kwa wanawake wale hiyo ilikuwa hukumu. Mtoto wake mwenyewe amemuuliza amebonyeza nini.

Alifika Kalama akiwa bado na tumaini moja, kompyuta ya ofisini. Mwenyekiti, Mzee Bartholomew, katekista mstaafu asiyeharakisha neno, alimfungulia mlango akasimama nyuma ya kiti. Maundu akafungua programu. Rangi mpya, nzuri, na chini yake hakuna kitu. Mutanu hakuwahi kuigusa kompyuta ile, hata kuifuta vumbi. Aliyeigusa alikuwa yeye. Mstari ule aliouacha ukamjia machoni kama ulivyoandikwa, na akajua kila kitu kwa mara moja: kwamba mbuzi hawatarudi, kwamba faili zimefutwa zikaandikwa upya, na kwamba ni yeye.

"Huku imebaki?" Bartholomew akauliza.

Sasa angalieni mdomo wa mwanadamu. Moyo ulikuwa umejua, akili imejua, lakini mdomo ukatangulia. Maundu akasema kwamba hata huku zimefutika, kwamba simu zikipashana habari na kompyuta, kilichofutwa kule kinafutwa na huku. Alisema kwa sauti ile ya ufundi, ya pole pole, ambayo mtu asiyejua kompyuta hawezi kuibishia.

"Kwa hivyo imetokea kwa simu ya Mutanu," Bartholomew akasema.

"Inaonekana hivyo," Maundu akasema.

Ndiyo hayo, maneno mawili. Alirudi mjini akiwa ameyatazama yakimwingia mzee yule na kukaa.

Watu wa chama walikuja na karatasi zao, wakahurumia, lakini huruma haina vizazi, na madaftari ya zamani mchwa walikuwa wameyamaliza. Mbuzi wote waliandikwa kizazi cha kwanza. Kasukali, ambaye Kalama yote ilimjua hadi mama wa nyanya yake, aliandikwa kana kwamba ameokotwa barabarani. Hakuna aliyemfokea Mutanu. Afadhali wangemfokea. Walimsalimia vizuri, wakamwuliza habari za miguu yake, kisha wakaendelea na njia. Mutanu akaanza kupita boma kwa boma akiomba radhi, mchana kweupe, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu anayeenda matangani. Kanisani akahama kiti cha mbele alichokuwa akikalia miaka yote, akaenda kukaa nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Na akimaliza kuwaomba wengine, alimpigia Maundu, kumwomba yeye pia.

Simu za kwanza alizipokea. Alimwambia asijali, mambo hayo hutokea. Alimsamehe, mnasikia? Alimsamehe! Baada ya hapo akaona haya hata kwake mwenyewe, akaacha kupokea.

Wamucii ndiye aliyeuona mstari. Alikuwa amefungua kazi ya Maundu kutafuta kitu kingine cha kunakili, akakutana nao. Akausoma mara mbili, akageuza kiti.

"Hii ndiyo walipewa huko nyumbani?"

Maundu akasema ndiyo.

"Na umewaambia?"

Akaanza kueleza. Kwamba kwa kweli hapakuwa na nakala ya akiba mahali popote, na hilo ni tatizo la kikundi pia. Kwamba wangemwita aweke mwenyewe angegundua mapema. Kwamba hata kampuni kubwa hupatwa. Wamucii alimsikiliza hadi mwisho, akasema hakumuuliza hayo. Kisha akageuza kiti chake, na tangu siku hiyo kila simu ilipotetemeka juu ya meza alikuwa akitoka nje, ati anaenda kununua maji. Maundu alitamani amtukane. Mtu akikutukana unaweza kujitetea.

Halafu ukaja ujumbe. Mutanu hakuwa mtu wa kuandika ujumbe, vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa herufi zile, kwa hiyo lazima aliukalia. Ulisema: "Mwanangu jumamosi wananitoa ukatibu. Usikuje usione. Na unisamehee kuharibu kazi yako."

Maundu aliusoma akaenda kuegemea dirisha. Kuharibu kazi yako. Machozi yalimtoka pale pale, na hakuyafuta haraka, maana Wamucii alikuwa nje.

Jumamosi akaenda.

Kikundi kilikuwa kimekaa kwenye viti vya plastiki chini ya banda la kanisa, na pembeni, amefungwa kwenye nguzo, alikuwapo beberu. Huyu beberu lazima nimweleze, maana Mbui Nzeo walikuwa na desturi yao, na sijaisikia kwingine. Mwanachama akiwakosea wenzake kosa kubwa, hatozwi kitu wala hafukuzwi kikundini. Anapewa beberu wa kikundi amfuge msimu mzima kwake, amkatie majani, amchotee maji, avumilie harufu. Na beberu ana harufu, jamani! Nguo hunuka, maziwa hunuka, wageni hupungua. Mtu akimaliza msimu huo, kosa limekwisha na hakuna ruhusa ya kulitaja tena. Lakini mwenye kosa akiwa mzee au mgonjwa, mtu wa damu yake anaweza kusimama mbele ya watu, aseme ni yeye aliyekosa, na ashike kamba. Wote wanajua si yeye. Wanampigia vigelegele vile vile, na mwenye kosa anaachwa na heshima yake yote.

Maundu alikulia kwenye desturi ile. Aliwahi kuona mume akimshikia mkewe kamba, na binti akimshikia baba yake. Alijua. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno yake mwenyewe, wala hakuwaza watu watasikia nini.

Bartholomew alipomaliza kueleza kilichowaleta, na kabla hajamwita Mutanu mbele, Maundu akasimama. Akasema kwa Kikamba kwamba Mutanu hana kosa. Ni yeye. Yeye ndiye aliyeacha ndani ya programu neno la kufuta, na Mutanu alibonyeza sawasawa kama alivyoambiwa.

Kisha akaona nyuso zikilainika, moja baada ya nyingine, na akaona wanawake wawili watatu wakishikana mikono, na akaelewa wameelewa nini.

"Hapana," akasema. "Sisemi kwa ile desturi. Ni mimi kweli." Akaanza kueleza mstari, namba ya toleo, jedwali la zamani na jipya. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumpenda. Waliona kijana msomi anavyotafuta maneno magumu ili uongo wake wa upendo usimame imara. Nani angeamini kwamba mtu aliyesoma ataandika kwa mkono wake amri ya kufuta mbuzi wa watu?

Kalondu akainuka, na watu wakatulia maana ulimi wake uliogopwa. "Mimi nilikuwa nimemkasirikia Mutanu, sitaki kudanganya," akasema. "Lakini mtu ako na mtoto kama huyu, hata mbuzi zikipotea yeye bado ni tajiri. Mpeni kamba."

Sasa hapa ndipo penyewe. Maundu alikuwa na kitu kimoja cha kusema ambacho kingewafanya waamini. Angemgeukia Bartholomew amwambie: mzee, kompyuta ya ofisi niliiweka mimi mwenyewe, Mutanu hakuigusa, na siku ile uliponiuliza nilikudanganya ukinitazama. Bartholomew angekumbuka. Mzee yule hakusahau neno. Maundu aliyaweka maneno hayo mdomoni, akamtazama mzee, na mzee alikuwa akimtabasamia kwa macho yenye unyevu, kama mtu aliyebatiza mtoto na sasa anamwona amekua. Kukiri kosa alikuwa amekiri. Kukiri uongo kulimshinda. Akafunga mdomo, akanyoosha mkono, na kamba ikawekwa kiganjani mwake.

Vigelegele vikapaa. Mutanu, pale kwenye kiti cha nyuma, alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yake yanatikisika. Bartholomew akatangaza kwamba kosa limebebwa, kwamba Mutanu ataendelea kuwa katibu, na kwamba wataanza upya kizazi cha kwanza kama watu wengine walivyowahi kuanza. Wanawake wakaja wakamshika Maundu mkono kwa mikono yote miwili. "Muvea, mwana," walimwambia, asante, mwana. Kila aliyemshukuru alimwacha akiwa mdogo kuliko alivyokuwa.

Beberu alikuwa wa kupelekwa kwa Maundu, na kwa Maundu ni wapi? Mjini alikuwa amepanga chumba kimoja ghorofani. Nyumbani kwake ni kwa Mutanu. Kwa hiyo wakashuka njia ya kwa Mutanu wote watatu, beberu akivuta mbele, wao wawili nyuma katika harufu.

Mutanu alizungumza njia nzima. Alikuwa hajazungumza hivyo kwa majuma mengi. Alisema amepona. Alisema baba yake Maundu, pale alipo, ameona. Alisema hata kama angezaa mwenyewe asingepata wa kumshikia kamba mbele ya Kalondu. Alimkamata mkono akaubana, na Maundu akashindwa kuendelea kutembea.

"Anti, haikuwa desturi," akasema. "Ni mimi. Kompyuta ya Mzee Bartholomew haukuigusa, si ni kweli? Niliweka mimi, na ikafutika vile vile. Akaniuliza, nikamwambia imetoka kwa simu yako."

Mutanu alimtazama. Hakuhitaji kuelezwa jedwali wala toleo. Kompyuta ile aliijua, na mikono yake aliijua. Beberu alikuwa amepata kichaka akaanza kukila.

"Siku hiyo nilikuuliza kama ni mimi nimekosea," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Siku hiyo hapana. Nilijua baadaye kidogo, nilipofika ofisini."

"Na nilipokuwa nakupigia kuomba msamaha?"

Maundu alikuwa akiangalia chini, na uso ulikuwa unamwaka kama mtu aliyechapwa kofi. Akauliza kama arudi sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika, awaambie habari ya kompyuta. Mutanu akasema hilo ni lake, yeye hawezi kumwambia aseme wala asiseme. Wamefurahi, na yeye amechoka. Halafu akachukua kamba kutoka mkononi mwake, taratibu, bila kuipokonya, akaendelea na njia akiongoza beberu.

Walipofika bomani alimfunga beberu nyuma ya zizi, akachukua panga, akaenda ukingoni kukata majani. Maundu akamfuata akasema amwachie, atakata yeye, na atakuwa akija kila wikendi. Mutanu akakata kwanza mzigo wote, akaubeba, akamtupia beberu. Alipoinuka akaongea akiwa anafuta panga kwa kitenge, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, Maundu, ningewaambia ni mimi. Ningesema nimebonyeza vibaya, na kamba ningeshika mwenyewe, na ningekaa huko nyuma kanisani nikiwa nimefurahi. Hiyo ningekupatia. Hukuwa na haja ya kuniibia."

Akamwambia bodaboda za mwisho huondoka sokoni mapema siku ya Jumamosi, na aangalie asichelewe. Kisha akaingia jikoni, akafunga nusu ya chini ya mlango, na Maundu akamsikia akiwasha moto na kuteleka sufuria. Alisimama uani mpaka chai ikaanza kunukia. Kisha akajua haitaletwa, akashika njia ya sokoni.